Jani la Isale kwenye Maiki

Kijana wangu uliyekwenda kukata jani la isale ili ufungie maiki, siku ile ya kumzika Mzee Aloyce kule Uru: jina lako nalijua ila sitaliandika. Nilikufokea mbele ya waombolezaji. Wenzako wa spika walicheka, kisha wakaona sura yangu wakanyamaza. Jioni mkapakia vyombo vyenu mkanipita bila kuniaga, na sikuwalaumu. Mzee akimfokea kijana kwa sababu ya jani, lazima kijana ajiulize kama huyo mzee bado yuko sawasawa.

Nimefikiri niwaandikie ninyi nyote mnaofanya kazi ya muziki wa harusi na misiba huku kwetu. Mimi si mwandishi. Shule yangu iliishia darasa la saba, na hata hilo la saba nilikuwa nakaa nyuma. Ila tangu ujana nina tabia ya kuandika kidogo kila jioni mambo ya siku hiyo, na hiyo ndiyo elimu yangu ya pili. Nisipokuwa na uhakika nitasema sina uhakika. Na nitajitahidi nisimpendelee mtu, maana habari hii ina watu wawili waliokosana, na wote wawili niliwapenda.

Nianze na kazi kwanza. Huko ndiko ninakojiamini kidogo.

Jani la mgomba linakula sauti. Hili hamtafundishwa na yeyote anayewauzia spika. Ukifunga mitambo kwenye kihamba, shamba la nyumbani, katikati ya migomba na kahawa, zile sauti nyembamba zote zinaishia kwenye majani, na mtu aliyekaa kwenye kona ya turubai anasikia besi tu, kama mtu anayetwanga nyumba ya pili. Kwa hiyo pandisha spika juu, zaidi ya kichwa cha mtu, na uzielekeze kwa watu, usizielekeze shambani. Chini weka gunia la kahawa lililojaa, spika isitetemeshe meza. Na ukungu ukishuka, washa taa ndogo ndani ya sanduku la amplifaya usiku kucha ibaki na joto. Mimi niliunguza amplifaya mbili kabla ya kulijua hilo. Fundi wa redio aliyenifundisha kushika sodaringi ya kuchomelea waya pale mjini alikuwa analijua siku zote. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, akasema, "Hukuuliza."

Mabogini ni kinyume. Kule ni tambarare, ni majaruba ya mpunga yenye maji, na sauti inateleza juu ya maji hayo haina wa kuizuia. Harusi yangu ya kwanza kule nilifunga spika kwa nguvu za Uru. Kijiji cha ng'ambo wakasikia mshereheshaji anasema "karibuni wote, chakula kipo," wakaja wote. Mama wa bwana harusi alinifuata nyuma ya jukwaa na mwiko mkononi. "We baba, nani amekutuma uwaalike hawa?" Nikamwambia, mama, mimi ni fundi tu. Akasema, "Basi fundi, wewe hauli." Na kweli sikula.

Sasa Aloyce.

Wengi wenu mlimjua akiwa mzee wa kahawa, mwenye kofia ya sufu na ng'ombe wawili wa maziwa. Mimi nilimjua akiwa kiongozi wa bendi yetu, Buni Jazz, mpiga gitaa la solo na mtunzi. Alinichukua kama fundi mitambo wakati sijui hata kuzungusha waya vizuri. Yeye ni Mkatoliki wa Uru, mimi ni Mlutheri wa Old Moshi. Alinitania miaka yote kwamba Walutheri tunasikia matarumbeta tu, masikio yetu hayajui nyuzi. Lakini akimaliza kupiga, kabla hajaweka gitaa chini, alikuwa ananitazama mimi. Nikitikisa kichwa, alijua sauti imekwenda sawa.

Alikuwa na wimbo mmoja uliopita nyimbo zake zote. Uliitwa Vero Usichelewe. Vero ni mke wake, Veronika. Alikuwa anauza ndizi sokoni mjini, na kila jioni alichelewa kupanda kurudi nyumbani kwa sababu hawezi kupita mtu bila kusimama kuzungumza naye. Aloyce akatunga wimbo wa kumchokoza: Vero usichelewe, chai inapoa. Basi. Maneno hayo tu, halafu gitaa linaingia na kuzunguka, unamwona kabisa mwanamke anapanda kilima anasimama, anapanda anasimama. Watu walicheka na kucheza. Vero mwenyewe alikuwa akiusikia anafunika uso na kanga.

Halafu Vero akaugua, akafariki. Wimbo ni ule ule, hakubadilisha neno, ila hakuna aliyecheka tena. Ukumbini watu walikuwa wanaucheza taratibu, wengine wakisimama tu.

Katika nyumba ile walibaki watatu: Aloyce, binti yake Anjela, na Deo. Deo ni mtoto wa dada yake Aloyce. Alilelewa pale tangu mdogo baada ya mama yake kufariki, na Deo alimwita Vero mama. Aloyce alimfundisha kupiga tumba, akawa anapiga kwenye bendi, na kuimba sauti ya pili.

Nataka mwelewe ule mwaka ulivyokuwa. Sitauandika kwa namba, maana mimi na Aloyce tulibishana mpaka mwisho ulikuwa upi. Lakini wote tulikubaliana kwamba ulikuwa mwaka mmoja. Mwanzoni mwake tulikuwa tunapiga kila mwisho wa juma kwenye ukumbi wa baa moja mjini, watu wanakuja na wake zao, wanavua makoti, wanacheza dansi. Mwishoni mwake hapakuwa na bendi. Haikuwa vita. Mwenye baa alimwita Aloyce, akamwagizia soda, akasema, "Mzee, usinielewe vibaya. Vijana wanataka vitu vyao." Akaleta mtu mmoja na mashine ya CD. Mtu mmoja, mahali pa watu kumi na mmoja! Mpiga besi wetu akaenda kuendesha lori. Mpiga tarumbeta akarudi kwenye kwaya.

Mimi nilibaki, maana mitambo inahitajika hata na mashine. Jioni ya kwanza niliandika: Leo nimepiga muziki usio na mtu ndani. Baadaye niliona sikutenda haki kuandika vile. Ulikuwa na mtu, ila sikuwa nimejifunza kumsikia. Kwenye dansi sisi tulikuwa tunaweka gitaa mbele, na mwimbaji anakaa ndani ya gitaa kama mtu ndani ya nyumba yake. Bongo fleva ilikuja na mpango mwingine: sauti ya mtu mbele kabisa, mdomoni pako, ngoma nzito chini, na vyombo vingine vinasubiri mlangoni. Wimbo mfupi. Hakuna kusubiri sebene. Nikiweka muziki wao kwa mpango wa dansi, vijana walikuwa wananipigia kelele, "Fundi, huyo jamaa umemfungia chooni?" Ilibidi nijifunze upya na nywele zimeshaanza mvi. Na ikamateni maiki vizuri, jamani. Ukiziba kichwa chake kwa kiganja itapiga mluzi, hata kama umewaona wanaofanya hivyo kwenye televisheni.

Deo alikwenda na upepo ule. Simlaumu, alikuwa na umri wake. Akashuka Dar, akajiita jina la Kizungu ambalo mpaka leo siwezi kulitamka, na baada ya muda redio zikaanza kumpiga.

Siku moja Aloyce alikuwa Himo, pale njia panda, anasubiri gari la kwenda Marangu kumwona mgonjwa. Mbele yake kuna kibanda cha kuuza CD, spika imewekwa nje. Akasikia gitaa. Akafikiri, huyu anayepiga anapiga kama mimi. Akasikiliza zaidi akajua ni yeye mwenyewe. Ni mkono wake, kutoka kwenye kaseti ya bendi, umekatwa kipande na kurudiwa na kurudiwa. Juu yake Deo anamwaga maneno ya haraka kuhusu msichana asiyepokea simu, na kwenye kiitikio anarudia: usichelewe, usichelewe. Vijana wa Himo wanaruka.

Aloyce alikaa juu ya gunia la vitunguu la mtu. Mwenye gunia akamuuliza, "Mzee, unaumwa?" Akasema, "Hapana, nasikiliza." Hakuenda Marangu. Alirudi nyumbani, akaweka gitaa kwenye sanduku lake, akasukuma sanduku chini ya kitanda. Aliniambia mambo haya mara moja tu, na sentensi aliyomalizia niliiandika siku hiyo hiyo: "Wamemchezea mke wangu juu ya kichwa."

Tangu hapo alisema hatakaa chini ya paa moja na Deo.

Nilimwona Deo alipokuja Moshi kwa onyesho. Tulikunywa chai kwenye hoteli ya kituo cha mabasi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Mjomba wako umemwona?"

"Nilipita. Alikuwa anakamua ng'ombe. Nikasema shikamoo Mjomba, akaendelea kukamua. Nikasimama mpaka ndoo ikajaa. Akanipita na mimi nipo pale pale, kama mti."

"Umechukua wimbo wa Vero, Deo. Bila kumwuliza."

"Nimeuchukua ndiyo." Macho yakamjaa maji, na huyu alikuwa kijana aliyevaa miwani ya jua ndani ya hoteli. "Fundi, rika langu hawatakaa wasikilize bendi. Hawatakaa! Nilitaka wamsikie mama. Kila nikipanda jukwaani watu wote wale wanaimba usichelewe. Mimi najua wanamwimbia nani, hata kama wao hawajui."

"Mwambie hivyo."

"Hajaniambia nimekosa nini. Amenyamaza tu. Nitaomba msamaha wa nini?"

Nikapanda Uru, nikakaa na Aloyce. Yeye akasema, "Mwenye kukosa anajua njia ya kuja kwangu. Masale yamejaa mpakani."

Hapa wale mliozaliwa Dar na kuja huku Desemba tu, nisikilizeni. Isale, yakiwa mengi masale, ni ule mmea wa majani marefu ya kijani uliopandwa kwenye mipaka ya vihamba na kwenye makaburi ya wazee wetu. Mtu akimkosea mwenzake sana, anachuma jani, analipiga fundo, anampelekea. Na aliyepelekewa haruhusiwi kukataa. Hata kama moyo unawaka. Ndivyo tulivyolelewa, Wakatoliki kwa Walutheri. Kwa hiyo Aloyce alikuwa anasubiri jani. Na Deo alikuwa anasubiri neno. Mimi nilikuwa katikati, nawasikiliza wote wawili, na kila nikishuka kutoka kwa mmoja nilikuwa naona ana haki. Sijui kama hiyo ni akili au ni udhaifu.

Mwaka ulipotimia tangu ile siku ya Himo, Desemba, Anjela akawa anaolewa. Alikuja kwangu karakana, akakaa kwenye spika mbovu.

"Baba Fundi, nataka kitu kimoja tu siku yangu. Wimbo wa mama upigwe. Upigwe na baba, kwa mikono yake. Sitaki CD."

"Umemwomba?"

"Anasema gitaa limekufa."

"Gitaa halifi, mama. Nyuzi ndizo zinazokufa."

"Na nimemwalika kaka Deo aimbe. Yeye ni ndugu yangu, sina mwingine. Baba amesema Deo akishika maiki, yeye atatoka aende zizini." Akajifuta uso kwa kiganja. "Mama hayupo. Nikimkosa na baba kwenye turubai, nimeolewa huku nani anatazama?"

Akaniomba nichukue gitaa kimya kimya, nibadilishe nyuzi, nilichomeke kwenye mitambo na kuliegemeza jukwaani. Asipoligusa, basi. Niliweka nyuzi mpya. Jifunzeni hapa: nyuzi mpya zinalegea, zivute kwa vidole na kuzikaza tena na tena kabla ya siku yenyewe. Nilifanya hivyo kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kufanyia gitaa lolote.

Siku ikafika. Harusi ilikuwa nyumbani kwa Aloyce, kwenye kihamba, mchana mweupe, na mlima ulikuwa umejitokeza wote. Ndugu wamepanda kutoka kila mkoa, kama ilivyo Desemba. Mbege ipo, mtori upo. Aloyce amekaa meza ya mbele kwenye suti yake ya bendi, na gitaa alishaliona. Alilitazama, akanitazama mimi, akageuza kiti kidogo asilione.

Kabla ya ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, kuingia, mshereheshaji, kijana wa upande wa bwana harusi, akawa anaringa na stendi ya maiki, anaiinamisha na kuizungusha. Kishikio kikavunjika. Maiki ikaning'inia. Na yeye anatangaza, "Sasa tunamkaribisha kaka wa bibi harusi, nyota kutoka Dar!" Ndafu imeshabebwa, iko njiani inakuja, Deo anasogea, mimi sina kamba. Nilinyoosha mkono nyuma ya turubai, nikang'oa jani la kwanza lililokuja mkononi, jembamba, refu, gumu. Nikafungia maiki kwenye stendi, nikapiga fundo, nikarudi kwenye mikisa yangu, ile mashine ya kuchanganya sauti.

Mimi Mchagga mzima, mtoto wa kihamba! Nilifunga fundo la isale mbele ya ukoo mzima wa Uru, na sikuona nilichofanya mpaka nilipoinua kichwa.

Wazee wa meza za mbele walikuwa wameacha kutafuna. Deo amesimama nyuma ya stendi, na lile jani la kijani linang'aa kifuani pake. Vijana wanapiga miluzi wanataka wimbo. Shangazi mmoja wa Aloyce, bibi mzee sana, akasema kwa sauti iliyosikika turubai nzima: "Aloyce. Jani hilo. Umeliona?"

Aloyce akasimama. Anjela akashika mkono wa mumewe. Wote tulidhani anakwenda zizini. Niliweka kidole kwenye kitufe cha CD, sijui kwa nini, labda nilitaka kuzima dunia.

Alikuja jukwaani. Akaligusa lile jani, akalitazama lile fundo. Midomo ya Deo ilikuwa inatafuta neno. Aloyce akasema kwenye maiki, watu wote wakasikia:

"Limepokelewa."

Shangazi akajibu kule chini, "Aika, mbe," ndiyo asante kwa Kichagga, na wazee wengine wakaitika. Aloyce akachukua gitaa. Akanigeukia mimi. "Zima hiyo mashine yako." Nikazima. Akajaribu nyuzi, akaona zimekaa sawa, akapiga.

Sitaandika lilivyosikika, nitaharibu. Nitasema tu kwamba majani ya migomba hayakula kitu siku ile. Anjela alilia bila kujificha. Aloyce aliimba ubeti, chai inapoa, na Deo akaingia na sauti ya pili kama zamani, akaishia hapo, akainamisha kichwa. Gitaa likaendelea kuzunguka. Aloyce akamsemesha bila kumtazama, "Na yale maneno yako?"

"Mjomba, yale..."

"Yaseme. Watu wamekuja kwa ajili ya hayo."

Deo akayasema. Maneno ya haraka, ya msichana na simu, juu ya mkono wenyewe, sio juu ya kipande cha kaseti. Aloyce alikuwa anampunguzia gitaa pale anapohitaji nafasi, kama mtu anayesogea kwenye benchi ili mwenzake akae. Mkitaka kujua dansi ilikutana wapi na bongo fleva, wengine watawaambia Dar. Mimi niliwaona wakikutana Uru, na ndafu inapoa.

Msidhani bendi ilifufuka. Haikufufuka. Ukumbi ulibaki wa mashine, Deo alirudi Dar, na Aloyce alirudi kwenye kahawa yake. Alipiga nyumbani tu, kwa wajukuu. Mwaka ulikuwa umeshapita na ulichokichukua.

Lakini jioni ile ya harusi, nikiwa nakunja waya, Deo alinifuata.

"Fundi, nani alifunga lile jani?"

"Mimi. Kishikio kilivunjika. Nisamehe, sikufikiri."

Akaokota ncha ya waya, akaanza kunisaidia kukunja. "Kwa hiyo mimi sikuleta kitu."

"Hukuleta."

"Usimwambie Mjomba. Tafadhali, baba. Usimwambie kamwe."

Nikakubali, na moyo haukutulia. Nilimpenda Deo, lakini Aloyce alikuwa amesamehe kwa sababu ya kamba ya maiki, na mimi ndiye niliyejua. Ilipofika Kwaresima nikashindwa. Sikumtaja Deo. Nilimwambia tu Aloyce kwamba lile jani nililifunga mimi.

Alikuwa anachambua kahawa. Hakusimama.

"Elia, mimi nilikuwa nimekaa pale mbele. Nilikuona unang'oa. Nilikuona unafunga, tena umefunga vibaya."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini ulisimama?"

Akachagua punje mbaya moja, akaitupa. "Nilisubiri jani mwaka mzima. Likaja. Ningeuliza limeletwa na nani?" Kisha akaniangalia. "Usimwambie Deo. Akijua nilijua, ataona aibu, hatakuja tena nyumbani."

Basi nikabaki nao wote wawili hivyo, miaka na miaka. Deo alikuwa anapanda Uru kila Desemba, anakaa na mjomba wake barazani, gitaa katikati yao, na kila mmoja ananitazama kwa pembeni nisije nikasema. Sikusema. Sijui kama nilitenda haki. Nimeandika jambo hili mara nyingi jioni, na mara nyingi nimefuta.

Sasa Aloyce amezikwa. Nilimweleza Deo yote siku ile ya msiba asubuhi, kabla ninyi hamjafika na spika. Nywele zake nazo zimeanza mvi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu: "Alijua tangu mwanzo?" Nikamwambia alijua. Akakaa kwenye lile benchi la barazani. Ni yeye aliyeniruhusu niandike haya, na Anjela ameyasoma.

Ndipo mlipofika ninyi, mkafunga vyombo vizuri tu, spika juu, kama nilivyowafundisha. Kishikio chenu kilikuwa kimelegea. Nikakuona wewe unakwenda mpakani, unarudi na jani la isale mkononi, unataka kulipiga fundo kwenye stendi. Nikakufokea, "Tafuta kamba! Hilo liache!" Ukalitupa chini, karibu na udongo uliochimbwa.

Wewe ulikwenda kutafuta kamba, kwa hiyo hukuona kilichofuata. Deo aliliokota. Akalipangusa kwa kitambaa chake, akalipiga fundo, fundo zuri, la kufundishwa. Zamu yake ya kutupa udongo ilipofika, hakutupa udongo kwanza. Alitupa jani. Kisha akasubiri pale ukingoni kidogo, kama mtu aliyebisha hodi.

Kwa hiyo sikuwa na haki ya kukufokea. Yeye asingeweza kulikata mwenyewe asubuhi ile, na wewe ulimletea. Lakini maiki, mwanangu, ifunge kwa kamba.